Kilemba cha Fundi na Joho la Chuo: Uamuzi wa Kusomea Shahada ya Juu ya Sanaa katika Afrika Mashariki



1.0 Utangulizi

Mhitimu wa shahada ya kwanza ya sanaa, anapokwisha kukabidhiwa cheti chake, hukabiliwa na swali ambalo mwenzake aliyesomea uhandisi au udaktari hakabiliwi nalo kwa namna ileile. Je, aendelee na masomo hadi shahada ya umahiri, na pengine ya uzamivu, au ashike brashi yake, patasi yake, ngoma yake au kalamu yake akafanye kazi? Mhandisi hawezi kujenga daraja bila cheti. Msanii anaweza kuchora bila cheti chochote, na historia ya Afrika Mashariki imejaa wasanii mashuhuri wasiowahi kuingia darasa la sanaa. Kwa hiyo anayetaka shahada ya juu ya sanaa anatakiwa ajieleze kwa wazazi waliokwisha kumlipia miaka mitatu, kwa rafiki zake walio mtaani, na kwa nafsi yake mwenyewe.

Mhadhara huu unajenga hoja moja. Shahada ya juu haimfanyi mtu kuwa msanii, wala kuikosa hakumwondolei usanii. Thamani yake imo katika kujibu maswali ambayo karakana peke yake haiwezi kuyajibu. Katika Afrika Mashariki, sehemu kubwa ya maswali hayo imehifadhiwa kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za kanda hii, katika vinywa vya watu ambao umri umewatupa mkono. Anayeamua, basi, hana budi kujiuliza mambo mawili kabla ya yote: ana swali gani, na atalijibu kwa lugha gani. Swali la pili ndilo linaloifanya mada hii iwe ya wanafunzi wa Kiswahili sawasawa na wanafunzi wa sanaa.

2.0 Dhana ya Sanaa na Dhana ya Kufuzu

Neno sanaa limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako linahusiana na kutengeneza kitu kwa ustadi. Maana hiyo pana haijapotea. Katika matumizi ya Kiswahili, uchongaji wa milango, ususi wa mikeka, ufinyanzi, usonara, utenzi, ngoma na uchoraji vyote ni sanaa. Mpaka unaowekwa kwingineko kati ya sanaa na kazi ya mikono haukupewa nguvu kubwa na lugha hii. Ni vyuo vilivyouleta, vilipogawa idara na mitaala.

Hali kadhalika, dhana ya kufuzu haikuanza na vyuo vikuu. Pwani ilikuwa na njia zake za kumthibitisha mjuzi. Mwanagenzi alikaa na fundi wake, akabeba zana, akatazama, akasahihishwa, hata siku alipoonekana ameiva. Siku hiyo fundi alipewa kilemba, yaani zawadi au ada ya kumshukuru kwa mafunzo, na mwanagenzi akawa fundi kwa haki yake. Methali inasema kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Ndani ya methali hiyo mna mtaala mzima: mtoto huanza kwenye mivukuto, akiangalia nyundo, naye hufika kwenye nyundo kwa zamu yake.

Katika elimu ya dini kulikuwa na ijaza. Mwanafunzi aliyekisoma kitabu fulani mbele ya sheikh wake, akakielewa, alipewa idhini ya kukifundisha. Idhini hiyo ilimwingiza katika mnyororo wa walimu uliorudi nyuma kizazi baada ya kizazi. Kilemba kilithibitisha kwamba mkono unaweza. Ijaza ilithibitisha kwamba mtu anaweza kueleza na kukabidhi maarifa kwa mwingine.

Tofauti hiyo ni ya msingi katika mjadala huu. Mhitimu anayejiuliza kama asomee shahada ya juu mara nyingi hajui anatafuta kipi kati ya hivyo viwili. Kama anatafuta kilemba, yaani ustadi zaidi wa mkono, huenda fundi mzuri akamfaa kuliko chuo. Kama anatafuta ijaza, yaani uwezo na idhini ya kueleza, kuhoji na kufundisha, chuo kikuu ndicho chenye kazi hiyo kwa sasa. Joho nalo, kabla ya kuwa vazi la mahafali, lilikuwa vazi la watu wenye hadhi katika miji ya pwani. Lilionyesha cheo cha mtu, lakini halikueleza amekipataje.

Istilahi zenyewe zina la kufundisha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huita shahada ya pili umahiri, na kwingineko huitwa uzamili. Shahada ya tatu huitwa uzamivu, neno lenye mzizi wa kuzama. Picha iliyomo ni ya mtu anayeshuka chini ya maji kutafuta kitu. Azamaye sharti ajue anachokifuata, maana pumzi yake ina kikomo.

3.0 Makerere na Wahitimu wake wa Mwanzo

Ufundishaji wa sanaa katika elimu ya juu ya Afrika Mashariki ulianzia Makerere, Kampala, kwa juhudi za Margaret Trowell, Mwingereza aliyesomea Slade, shule ya sanaa ya London. Alianza madarasa yake katika miaka ya 1930, na shule iliyokua kutokana nayo baadaye ilipewa jina lake. Trowell aliamini kwamba mwanafunzi wa Kiafrika achore maisha anayoyajua, asilazimishwe kuiga michoro ya Ulaya. Alizoea kuwasimulia wanafunzi tukio kwa maneno, nao wakalichora kadiri walivyoliona akilini. Alipoondoka mwishoni mwa miaka ya 1950, nafasi yake ilichukuliwa na Cecil Todd, aliyesisitiza zaidi historia ya sanaa ya dunia na mbinu za kitaaluma. Kwa hiyo hata ndani ya chuo kimoja, mwanafunzi wa 1950 na mwanafunzi wa 1965 walipewa majibu tofauti kuhusu maana ya kusomea sanaa.

Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro, alisoma Makerere kisha akaenda Slade katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1950. Tangu mwanzo alichora vijiji vya mlimani, migomba, na watu wakifanya kazi kwa pamoja, kwa rangi zilizokolea na umbo lisilojali sana kanuni za kina na umbali. Baada ya London, aliendelea kuchora vivyo hivyo. Wapo waliolihesabu jambo hilo kuwa udhaifu, kana kwamba masomo yalimpita. Lakini mchoro wake mmoja wa mwaka 1956, unaoonyesha wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, uliingia katika hazina ya makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Ntiro alikuwa balozi wake wa kwanza London, na baadaye alishika wadhifa wa juu wa utamaduni nchini. Masomo ya juu hayakuugeuza mkono wake. Yalimpa sauti katika mabaraza ambamo mambo ya sanaa yaliamuliwa.

Elimo Njau, naye wa Kilimanjaro na wa Makerere, alichukua njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora kutani mwa kanisa la Murang'a, Kenya, maisha ya Yesu katika mandhari ya Kikuyu, katika eneo lililokuwa limetoka kwenye vita vya Mau Mau. Mwaka 1965 alishiriki kuanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi, nyumba ya sanaa yenye jina la Kiswahili, ambamo wasanii waliosoma na wasiosoma walikutana. Elimu yake ya chuo aliigeuza kuwa mahali pa wengine.

Mifano hii miwili yatosha kuonyesha kwamba haifai kuuliza shahada itamfanya mtu nini, kana kwamba shahada ndiyo mtendaji. Ntiro na Njau walipita mlango mmoja wakatoka na kazi mbili tofauti, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na lake alilolikusudia.

4.0 Waliofuzu Nje ya Chuo

Mkabala wao ni Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa kusini mwa Tanganyika, katika eneo la Tunduru, akaenda kutafuta kazi mjini, na karibu na mwaka 1968 akaanza kuchora Dar es Salaam. Hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji. Alitumia mbao za kiwandani zilizokatwa vipande vya mraba na rangi ya kung'aa kama ile ya kupakia baiskeli. Wanafunzi wake wa mwanzo, wengi wao jamaa zake, walijifunza kwa kumsaidia, kama mwanagenzi yeyote wa pwani. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Muda wake wa kuchora haukuzidi miaka minne au mitano, lakini jina lake likawa jina la mtindo mzima. Mwaka 1990 warithi wake walikuwa wamejikusanya katika chama cha ushirika.

George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, alitoka katika uchongaji wa Kimakonde. Alifika Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, katika miaka ya 1970, akafanya kazi ya ulinzi kabla ya kutambuliwa kama msanii. Michoro yake, iliyojaa mashetani wenye masikio makubwa wakicheka na kuhangaika kama binadamu, ilifika kumbi za Ulaya, Marekani na Japani. Wachongaji wenzake wa mpingo, bila darasa la uhakiki, wamezoea kuainisha kazi zao kwa majina ya Kiswahili: ujamaa, shetani, mawingu. Huo ni uainishaji kamili wa mitindo, wenye vigezo vya umbo na maudhui, na ulitokea mahali pa kazi na sokoni.

Mtu anaweza kuishia hapa akahitimisha kwamba chuo hakina haja. Hitimisho hilo lingekuwa la haraka. Hebu litazamwe swali moja tu kuhusu Tingatinga: mtindo wake ulitoka wapi? Wapo wanaoamini kwamba ulichochewa na michoro ya wachoraji wa Kongo iliyouzwa Dar es Salaam katika miaka hiyo. Wengine wanautafuta katika michoro ya kuta za nyumba za kusini, alikozaliwa. Wengine wanasisitiza soko la wageni na vipimo vya mizigo yao ya safari. Kila jibu lina matokeo yake. Likikubaliwa la kwanza, historia ya sanaa ya Dar es Salaam haiwezi kuandikwa bila Lubumbashi na Kinshasa. Likikubaliwa la pili, mstari unarudi hadi kwenye kuta za udongo za Tunduru na Masasi.

Karakana haiwezi kuliamua jambo hilo, wala haina sababu ya kujaribu, kwa kuwa kazi yake ni kuchora na kuuza. Anatakiwa mtu mwenye miaka miwili au minne ya kusafiri, kuhoji, kulinganisha, kupekua nyaraka na kupima ushahidi, na mwenye msimamizi wa kumkatalia pale anapoharakisha. Huyo ndiye mwanafunzi wa shahada ya juu. Waliomwona Tingatinga akichora, na waliokumbuka kuta za nyumba za mama zao, walikuwepo mitaani kwa miongo mingi, wakizungumza Kiswahili. Kila mmoja anapofariki bila kuhojiwa, sehemu ya jibu huzikwa. Hasara hiyo haionekani katika mizani ya mhitimu anayehesabu karo, lakini ni hasara ya watu wote.

5.0 Shahada ya Juu na Kalamu ya Msanii

Katika fasihi na sanaa za maonyesho ushahidi ni mwingi zaidi, kwa sababu wasanii wakubwa kadhaa wa Kiswahili walipitia masomo ya juu, na kazi zao za kabla na za baada zinaweza kusomwa.

Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, hakupata shahada yoyote ya chuo kikuu. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Ndiye aliyeweka kipimo ambacho waandishi wa baada yake walipimwa kwacho, na kazi zake zimewapa wengine shahada nyingi.

Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile mwaka 1969, kabla ya kwenda Berlin ya Mashariki, ambako alipata uzamivu wake katika Chuo Kikuu cha Humboldt kwa utafiti juu ya maendeleo ya tamthilia Afrika Mashariki. Tamthilia yake mashuhuri kuliko zote, basi, haikungoja shahada hiyo. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alikwenda Leeds katikati ya miaka ya 1960 kusomea shahada ya pili. Hakuikamilisha. Alichorudi nacho ni riwaya ya A Grain of Wheat, iliyotoka mwaka 1967. Kwa mizani ya msajili, alishindwa. Kwa mizani ya fasihi ya Afrika, miaka ile ilizaa. Jambo hilo halipasi kugeuzwa kuwa kisingizio cha kutomaliza. Linaonyesha tu kwamba chuo hutoa pia muda na umbali, vitu ambavyo havimo katika cheti.

Penina Muhando Mlama alikwisha kuwa mwandishi wa tamthilia, Hatia yake ikiwa imetoka mwaka 1972, alipofanya utafiti wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliukamilisha mwaka 1983, akichunguza sanaa za maonyesho za jadi za Wakaguru kama chombo cha kufunzia. Hapa shahada ilikuwa na swali: jamii isiyokuwa na jukwaa la kizungu ilifundishaje kwa maonyesho? Jibu lake liliingia katika harakati za sanaa za maonyesho kwa maendeleo, ambamo wanavijiji walijadili matatizo yao kwa kuyaigiza.

Mfano wa Euphrase Kezilahabi ndio wenye mafunzo mengi kuliko yote. Alianza na riwaya za uhalisia zenye lugha nyepesi. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971. Tasnifu yake ya umahiri, ya mwaka 1976, ilimhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya, na aliiandika kwa Kiswahili. Uzamivu aliupata mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kwa tasnifu ya Kiingereza juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la ufasiri wa fasihi. Kisha zikaja Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu vifupi, vigumu, visivyofuata njia ya hadithi iliyozoeleka. Wahakiki wamekwisha kuonyesha uhusiano kati ya tasnifu ile na riwaya hizi. Aliyoyafikiri kwa Kiingereza Wisconsin aliyarudisha kwa Kiswahili, na aliyarudisha kama sanaa. Wapo wasomaji waliosikitika kumpoteza Kezilahabi wa mwanzo. Masikitiko hayo yana haki yake, kwani masomo ya juu yanaweza kumpeleka msanii mahali ambapo wasomaji wake hawamfuati kwa urahisi. Mwamuzi hana budi kulijua hilo mapema.

6.0 Lugha ya Tasnifu

Hapo ndipo swali la lugha linapojitokeza. Lugha ya kufundishia katika vyuo vikuu vya Tanzania, Kenya na Uganda ni Kiingereza, isipokuwa hasa katika masomo ya Kiswahili yenyewe. Mwanafunzi wa umahiri katika Kiswahili anaweza kuandika tasnifu yake kwa Kiswahili, kama alivyofanya Kezilahabi. Mwenzake wa idara ya sanaa, anayechunguza kanga, milango ya Lamu au michoro ya Tingatinga, kwa kawaida huhoji kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza. Matokeo yake, aliyehojiwa hawezi kusoma kilichoandikwa juu yake, na hawezi kukisahihisha.

Hasara nyingine ni ya maarifa. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Kila mwanamke wa pwani anayajua maneno hayo. Pindo ni ukingo unaoizunguka, mji ni sehemu ya kati, na jina ni ule usemi ulioandikwa. Kwamba sehemu ya kati huitwa mji, na kwamba maneno ya kanga huitwa jina, ni mambo yanayomtaka mtafiti afikiri. Je, kanga hutazamwa kama mahali penye mipaka na wakaaji? Je, kanga isiyo na jina imekamilika? Mtafiti anayetafsiri maneno hayo katika ukurasa wa kwanza, akaendelea na tafsiri zake hadi mwisho, hatayauliza maswali hayo, kwa kuwa lugha anayoiandika haimwulizi. Ndivyo ilivyo kwa mlango wa nakshi na mfaa wake wa katikati, kwa ukili na mkeka, na kwa yale majina matatu ya vinyago yaliyokwisha kutajwa.

Pingamizi moja lina uzito. Inasemwa kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha za nadharia ya sanaa. Historia inajibu kwamba istilahi hupatikana kwa kuandika. Mwaka 1976, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walichapisha Fasihi na Sanaa za Maonyesho, wakati ambapo istilahi za taaluma hiyo zilikuwa bado zinatafutwa. Kitabu hicho ni miongoni mwa vilivyozipa mizizi, na leo mwanafunzi wa sekondari anazitumia bila kujua kwamba kuna watu waliozihangaikia. Uchoraji na uchongaji bado havijapata watu wengi wa kuvifanyia kazi kama hiyo. Pengo hilo ni sababu mojawapo ya kusomea shahada ya juu, na pengine ndiyo sababu bora kuliko zote.

Pingamizi la pili ni la masilahi: tasnifu ya Kiswahili itasomwa na nani nje ya kanda? Swali ni la haki, maana mhitimu anatafuta kazi katika dunia pana. Lakini si lazima achague moja na kuitupa nyingine. Mahojiano yanaweza kuambatishwa kwa Kiswahili kama yalivyosemwa. Istilahi za mafundi zinaweza kubaki katika matini na kufafanuliwa, badala ya kufutwa. Mwanafunzi wa sanaa anaweza kuwa na msimamizi wa pili kutoka Kiswahili. Mambo hayo yanahitaji nia ya idara mbili kukaa pamoja kuliko yanavyohitaji fedha.

7.0 Mambo ya Kupimwa na Mwamuzi

Jambo la kwanza ni aina ya shahada. Nchini Marekani, chama cha kitaifa cha walimu wa sanaa wa vyuo kilitambua mwaka 1977 kwamba shahada ya umahiri inayopatikana kwa kazi ya studio ndiyo kikomo cha masomo ya msanii mtendaji. Katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki, umahiri hudai tasnifu ya utafiti, hata pale kazi ya mikono inapokuwa sehemu yake. Anayetamani miaka miwili ya kuchora tu, akajiandikisha kwenye programu ya utafiti, ataumia, na msimamizi wake ataumia pamoja naye.

Pili ni ajira. Anayetaka kufundisha chuo kikuu hana njia ya kuikwepa shahada ya juu, kwa kuwa kanuni za vyuo zinaidai. Anayetaka kuishi kwa kuuza kazi zake hatadaiwa cheti na mnunuzi yeyote. Kati ya hao wawili yupo anayejiandikisha kwa sababu mtaani hakuna kazi. Huyo hastahili kudharauliwa, maana hofu yake ni ya kweli. Hata hivyo, shahada inayochukuliwa ili kuahirisha maisha huyaahirisha kwa gharama, na mwisho wake mhitimu hurudi mtaani palepale akiwa na umri mkubwa zaidi na deni.

Tatu ni fedha. Mikopo ya serikali nchini Tanzania imeelekezwa hasa kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, na ufadhili wa sanaa ni mchache kuliko wa sayansi. Mara nyingi mlipaji ni familia. Fedha hizo zingeweza kununua mpingo, kamera au kodi ya karakana. Si dhambi kuulinganisha ununuzi huo na karo, tena kwa hesabu ya kweli iliyoandikwa kwenye karatasi.

Nne ni msimamizi. Katika ijaza, mtu hakuulizwa alisoma mji gani; aliulizwa alisoma kwa nani. Desturi hiyo inafaa kurejeshwa. Mwanafunzi asome maandishi ya anayetarajiwa kumsimamia, awatafute waliosimamiwa naye, na ajue kama ana subira na wakati. Jina kubwa la chuo haliwezi kuziba pengo la mwalimu asiyesoma sura anazoletewa.

Tano, na ndilo lililo juu ya hayo yote, ni swali lenyewe. Mwombaji akiweza kuliandika kwa sentensi moja ya Kiswahili ambayo fundi aliyemfundisha, au bibi anayesuka ukili, ataielewa na kusema kwamba hilo nalo ni jambo la kuulizwa, basi ana sababu ya kwenda. Asipoweza bado, haina maana kwamba akate tamaa. Ina maana kwamba mahali pake kwa mwaka mmoja au miwili ijayo ni karakanani, ambako maswali huzaliwa. Shahada ya juu haina umri wa mwisho, na msanii anayeingia chuoni akiwa na miaka kumi ya kazi mikononi huwa na la kumwambia hata msimamizi wake.

8.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba kilemba na joho ni vitu viwili, na kwamba kanda hii imewajua watu wakubwa wenye kimoja tu, wenye vyote viwili, na wasiokuwa na hata kimoja. Tingatinga hakuhitaji shahada ili awe Tingatinga. Lakini ili ijulikane alitoka wapi, alijifunza kwa nani na aliwaachia nini waliomfuata, anahitajika mtu aliyefunzwa kuuliza, na wa kwanza kuhojiwa walikuwa watu wa Kiswahili. Kazi hiyo imefanywa kwa sehemu ndogo, na zaidi katika lugha ambazo wenyewe hawazisomi.

Vyuo vina wajibu wao: kumruhusu mwanafunzi wa sanaa aandike kwa lugha ya sanaa anayoichunguza, na kumpa msimamizi anayeijua. Mwanafunzi naye ana wajibu wake: asipande mlimani kwa ajili ya joho tu. Wahenga walisema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Atakayekwenda Wisconsin, London au Dar es Salaam kuzamia elimu ya sanaa, na arudi na jibu ambalo mwenye karakana anaweza kulisoma, kulibishia na kulitumia.